Jinsi ya kukamata fikra inayokuambia "weka tena"

Mwongozo huu ni wa mtu anayebeti kwa simu hapa Nairobi na ameshaanza kuficha. Anaficha kiasi, anaficha saa, au anaficha laini ya pili. Haumfundishi kubeti vizuri. Kila dau hutanguliwa na sentensi fupi kichwani, na sentensi hizo ni chache kuliko unavyodhani. Ukizijua kwa maneno yake, unaweza kuzikagua. Lakini kujua hesabu peke yake hakumzuii mtu: wako wahasibu na walimu wa hisabati wanaobeti hadi kodi ya nyumba. Kwa hiyo hapa hatua za kichwani zimefungwa pamoja na za mfukoni, na usiruke moja ukaenda nyingine.

Andaa daftari moja la shule, kalamu, saa moja na nusu ya utulivu, na taarifa yako ya M-Pesa ya miezi 6. Kaa nayo asubuhi. Jumamosi alasiri mechi zikiendelea si wakati wake.

Hatua ya 1: Hesabu kwa karatasi, si kwa kumbukumbu

Kichwa huweka kumbukumbu za kamari vibaya sana. Ushindi wa shilingi 14,000 unakumbukwa pamoja na dakika ya bao na nyama iliyoliwa kesho yake. Madau 70 ya shilingi 200 yaliyoutangulia, ambayo jumla yake ni 14,000 zile zile, hayakumbukwi kwa sababu kila moja lilikuwa kama bei ya chakula cha mchana. Simu huigawanya hasara vipande vidogo, na ushindi ikauleta kwa kishindo.

Piga *334# au ingia kwenye programu ya M-Pesa, uombe taarifa. Huja kwa baruapepe ikiwa imefungwa, na nambari ya kuifungua huja kwa ujumbe mfupi. Pitia mstari kwa mstari. Kila malipo kwenda kwenye paybill ya kampuni ya kamari, yapigie mstari na uyaandike upande wa kushoto wa daftari. Kila pesa iliyorudi kutoka kwa kampuni hizo, iandike kulia. Jumlisha kila mwezi peke yake, kisha toa.

Watu hukosea hapa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kusahau laini nyingine, Airtel Money, au malipo yaliyotoka benki moja kwa moja. Bila hizo hesabu ni nusu. Ya pili ni kuhesabu kama mapato salio lililoko ndani ya akaunti ya kubeti. Salio hilo si pesa mpaka liingie kwenye simu, na wengi hulibeti lote kabla halijatoka. Ya tatu, ambayo ndiyo ya hila zaidi, ni kuacha nje mikopo. Ikiwa tarehe 12 salio lilienda kwenye dau na tarehe 13 ukanunua unga kwa Fuliza (mkopo wa M-Pesa wa kulipia salio lisipotosha), ada ya Fuliza ni gharama ya kubeti hata kama taarifa inasema ni ya unga. Iandike kushoto.

Ukipata tofauti, igawe kwa kodi ya nyumba yako ya mwezi. Usiigeuze kuwa gari au ploti ya Kitengela, kwa sababu ndoto kama hiyo ndiyo inayomrudisha mtu kutafuta pesa zake. Miezi minne ya kodi inaeleweka.

Hatua ya 2: Jipime

Kuna kipimo cha maswali 9 kilichotengenezwa Kanada na kinachotumika nchi nyingi. Fikiria miezi 12 iliyopita. Umeweka dau kubwa kuliko uwezo wako wa kupoteza? Umehitaji kuongeza kiasi ili upate msisimko ule ule? Umerudi siku nyingine kutafuta ulizopoteza? Umekopa au kuuza kitu ili ubeti? Umewahi kuhisi una tatizo? Kamari imekuletea msongo au kuharibu afya? Watu wamekulaumu au kukuambia una tatizo, ukubali usikubali? Imeleta shida ya pesa kwako au nyumbani? Umejisikia vibaya kwa namna unavyobeti?

Kila swali: haijawahi ni 0, mara moja moja ni 1, mara nyingi ni 2, karibu kila wakati ni 3. Jumla ya 3 hadi 7 ni hatari ya wastani, na 8 kwenda juu ni tatizo la kamari. Mwenye 8 asiishie kwenye daftari. Asome pia sehemu ya msaada huko chini.

Hatua ya 3: Zijue sentensi kwa majina

"Sasa lazima itoke." Hii husemwa baada ya kitu kukosekana mara kadhaa. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, ruleti (gurudumu la kamari lenye namba nyekundu na nyeusi) ilitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo, na waliokuwa mezani walizidi kumimina pesa kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imefika. Gurudumu halina kumbukumbu. Mchezo wa kandege, Aviator, ambamo ndege hupaa na namba ya kuzidishia dau lako hupanda hadi ianguke ghafla, na ni lazima utoke kabla, nao hauna. Watengenezaji wake wametangaza marejesho ya asilimia 97, yaani kwa wastani shilingi 97 hurudi kwa kila 100 zinazobetiwa. Kwa hesabu hiyo, nafasi ya ndege kufika 2.00 ni takriban 48.5 kwa 100, na kufika 10.00 ni 9.7 kwa 100. Ikiwa imeanguka chini ya 2 mara sita mfululizo, nafasi ya raundi ya saba bado ni 48.5. Ile safu ya matokeo iliyopangwa juu ya skrini ni historia tu, na historia hiyo haina kazi yoyote ya kukuambia kinachokuja.

"Asilimia 97 si mbaya." Si mbaya ukibeti mara moja. Lakini asilimia 3 hukatwa kwenye kila kinachozunguka, si kwenye ulichoweka mwanzoni. Una shilingi 1,000, unacheza raundi 300 za shilingi 100, ukishinda na kushindwa. Umezungusha 30,000. Asilimia 3 yake ni 900. Hivyo ndivyo elfu moja huisha usiku mmoja bila mtu kukumbuka ameshindwa vibaya mahali popote.

"Mimi natoka mapema, kwa 1.20." Anayetoka kwenye 1.20 hushinda kama mara 4 katika 5, na kila mara hupata shilingi 20 kwa kila 100. Mara ya tano huenda mia nzima. Nne mara ishirini ni themanini. Ushindi wa mara kwa mara humfanya ajione ana mbinu, na kile kitufe cha kutoka humwongezea hisia kwamba mkono wake ndio unaoamua. Mwaka 1975 mtafiti Ellen Langer alionyesha jinsi hisia hiyo inavyofanya kazi: watu waliochagua wenyewe tiketi ya bahati nasibu ya dola 1 walitaka wastani wa dola 8.67 ili waiuze, na waliopewa tu walitaka dola 1.96. Nafasi ya kushinda ilikuwa ile ile.

"Nilikosea moja tu." Tukae hapa kidogo, maana mkeka wa mechi nyingi, yaani dau moja ambalo hulipwa mechi zote zikiingia tu, ndio unaokula watu wengi mtaani. Chukua mkeka wa mechi 10, kila moja odi 1.50 (ikiingia, 100 hurudi 150), na tuseme kampuni imejiwekea asilimia 5 katika kila mechi. Nafasi halisi ya kila mechi kuingia ni kama 63 kwa 100. Zote kumi kuingia ni takriban mkeka 1 katika 96. Tisa kuingia na moja kuchana ni takriban mkeka 1 katika 17. Yaani kukosa moja hutokea karibu mara sita zaidi kuliko kushinda. Ndiyo sura ya kawaida ya mkeka wa kushindwa. Haina maana kwamba umekaribia kuweza. Utafiti wa Luke Clark na wenzake wa 2009 ulikuta kwamba kukosa kwa kidogo humchukiza mchezaji kuliko kukosa kwa mbali, na hapo hapo humtia hamu zaidi ya kuendelea. Na lile kato la asilimia 5 hujizidisha kwa kila mechi unayoongeza: kwenye mkeka huo, mia yako ina thamani ya takriban 60 tangu unapobonyeza. Kampuni hupenda mikeka mirefu, na bonasi ya kuongeza mechi haitolewi kwa huruma. Jakpoti ya mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu, ina njia 129,140,163 za kujazwa.

"Mpira naujua." Huenda ni kweli. Tatizo ni bei. Chukua odi za mechi moja: nyumbani 2.10, sare 3.20, wageni 3.40. Gawa 1 kwa kila odi, ujumlishe: 0.476 na 0.313 na 0.294, jumla 1.083. Ingekuwa haki kamili ingekuwa 1. Kilichozidi ni cha kampuni, na ujuzi wako unatakiwa kulipa hicho kwanza ndipo uanze kukufaidi. Timu kubwa ya odi 1.25 inapaswa kushinda walau mara 4 katika 5 ndipo usipate hasara. Kwa hiyo mtu anaweza kupatia mechi nyingi, akasifiwa kinyozini, na bado akafilisika. Zingatia pia maelezo yanayofuata: mkeka ukiingia ni "niliona", ukichanika ni refa, VAR au kipa. Kushinda kunahesabiwa kuwa akili na kushindwa kunahesabiwa kuwa ajali, kwa hiyo hakuna hasara inayomfundisha mtu huyo kitu.

"Nirudishe zangu tu, nitoke." Hii ndiyo hatari kuliko zote, na mara nyingi huja na mbinu ya kuongeza dau maradufu. Anza na 50 kwenye kandege, ukitoka kwa 2.00. Ukishindwa weka 100, kisha 200, 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400. Ukishindwa mara nane mfululizo umetoa 12,750, na dau la tisa ni 12,800 ili upate faida ya shilingi 50. Kushindwa mara nane mfululizo kunaonekana mbali, kama 1 katika 200, lakini raundi ni za haraka. Kwa wastani msururu huo hutokea baada ya raundi kama 415. Ukicheza mbili kwa dakika, ni saa tatu na nusu.

"Kuna mtu ana mechi za uhakika." Hila yake ni ya zamani. Mtu ana namba 800 za simu. Nusu anawatumia kwamba nyumbani watashinda, nusu kwamba hawatashinda. Baada ya mechi anaendelea na 400 waliopata jibu sahihi tu, kisha 200, kisha 100. Hao 100 wameona utabiri tatu za kweli mfululizo, na sasa anawaomba pesa za kujiunga. Programu zinazodai kutabiri kandege ni wizi mtupu, na baadhi zipo ili zichukue nywila yako.

Zilizobaki hazina urefu. "Hii ni pesa yao" husemwa juu ya ushindi wa jana. Pesa ikishaingia kwako ni yako, na ungeweza kununulia tokeni za stima. "Leo ni siku yangu" haihitaji kujibiwa.

Hatua ya 4: Daftari la sentensi

Kwa siku 14, kila hamu ikija, andika kabla ya kufungua simu, hata kama hatimaye utabeti. Andika saa, mahali, salio, ulikuwa ukihisi nini, sentensi yenyewe kwa maneno yake, jibu lake, na kilichofuata. Ukurasa unaofaa unaonekana hivi:

Jumanne, saa 4:40 usiku, kitandani. Salio 640. Nimegombana na mwenye nyumba. "Imeanguka chini ya 2 mara sita, sasa itapanda." Jibu: bado 48.5 kwa 100, na 640 ni nauli hadi Ijumaa. Nimeweka simu sebuleni. Saa 5:10 hamu imepungua.

Kosa la kawaida ni kuandika "nilitaka kubeti". Hiyo si sentensi inayokaguliwa. Andika fikra ilivyosema, hata kama ni kwa Sheng. Kosa la pili ni kuandika jibu la kujitukana. "Mimi mjinga" haimzuii mtu. Humpa huzuni, na huzuni hutafuta simu. Jibu liwe na namba ndani yake.

Baada ya siku 14 hesabu: ni sentensi gani mbili zimerudi zaidi, na saa zipi? Wengi hukuta ni ile ile, saa zile zile, mara nyingi usiku baada ya kulipwa au baada ya ugomvi. Majibu ya hizo mbili yaandike kwenye kikaratasi, ukibandike nyuma ya simu.

Hatua ya 5: Weka umbali kati ya kidole na pesa

Usiku, hamu ikiwa juu, hoja hazisikiki. Vizuizi hivi viweke ukiwa umetulia.

Anza na akaunti. Toa salio lililobaki, kisha iandikie kila kampuni ikufungie akaunti kwa muda mrefu unaowezekana. Ujumbe na jibu vitunze. Kufuta programu tu si kufunga, kwa sababu unaweza kuirudisha kwa dakika mbili. Kisha pakua BetBlocker, ambayo ni ya bure, ufungie tovuti za kamari. Haizuii kubeti kwa ujumbe mfupi wala kwa kupiga namba za nyota, na huko ndiko watu huponyoka. Matangazo ya ujumbe kwenye laini ya Safaricom yazuie kwa *456*9*5#. Ondoka kwenye vikundi vya Telegram na WhatsApp vya utabiri, vyote, kile cha "kuangalia tu" kikiwamo.

Halafu pesa. Siku ya mshahara, kabla ya jioni, lipa kodi, tokeni, karo na chama moja kwa moja kwa wanaodai. Akiba iende SACCO au kwenye akaunti iliyofungwa, mahali ambapo kutoa kunachukua siku na si dakika. Kwenye M-Pesa ibaki nauli na chakula cha siku tatu nne. Fuliza lipa kisha jiondoe kwa *234#. Likibaki deni la Fuliza, kila shilingi inayoingia humezwa kwanza, mwezi unaanza na pengo, na pengo hilo ndilo linaloita "nirudishe zangu".

Laini ya pili, kama ilikuwa ya kubeti, irudishe dukani au mpe mtu wa nyumbani.

Hamu ikija licha ya yote, usiahidi kutobeti maisha yako yote. Ahidi dakika 30. Toka nje ya chumba, simu ibaki. Nenda dukani, oga, mpigie mtu kwa simu ya mwingine. Hamu isiyojibiwa kwa kawaida hushuka ndani ya muda huo, na kila ikishuka bila dau inakuwa rahisi kidogo mara inayofuata.

Madeni na watu wa nyumbani

Andika kila deni: nani, kiasi, riba, tarehe. Nyumba, chakula na karo kwanza. Kisha mikopo ya simu yenye riba kali. Ndugu na marafiki mara nyingi husubiri ukiwaambia ukweli na tarehe. Usikope ili ulipe mkopo, na usibeti ili ulipe. Hiyo ya mwisho hujificha kama mpango: "nikipata odi 20 leo nafunga kila kitu."

Mwambie mtu mmoja, kwa kiasi kamili. "Dada, nimepoteza elfu themanini na tatu tangu Januari. Siombi pesa. Naomba uwe unaona taarifa yangu kila Jumapili." Ukipunguza kiasi, kile kilichobaki kimefichwa ndicho utakachotaka kukirudisha kwa siri.

Kwa ndugu, mke au mzazi anayesoma hapa: usimpe pesa mkononi alipe deni. Ukiamua kusaidia, lipa kwa mwenye kudai mwenyewe, na taarifa uwe umeshaiona. Kumlipia kila kitu kimya kimya humwachia kichwani sentensi mpya kwamba kuna mtu wa kumwokoa. Kumtukana nako humrudisha gizani na simu yake. Uliza swali la namba: jumla ya kushoto mwezi huu ni ngapi?

Msaada wa watu wa kazi hiyo

Tangu 2013 mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani unaiweka kamari iliyopita kiasi pamoja na uraibu wa dawa za kulevya. Inatibika, na tiba iliyojaribiwa zaidi ni mazungumzo ya kukagua fikra kama haya ya daftari, yakiongozwa na mshauri. Nairobi kuna Hospitali ya Mathari, na washauri wa uraibu wako pia katika hospitali na vituo vingine. Peleka daftari, litamwokolea mshauri vikao viwili.

Ukifikiria kujidhuru, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au nenda hospitali iliyo karibu usiku huo huo ukiwa na mtu. Usiogope kusema ukweli mlangoni: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba.

Ukiteleza

Wengi huteleza walau mara moja. Sentensi ya kwanza baada ya kuteleza ni "nimeshaharibu, basi niendelee", na hiyo nayo ni ya kukagua: shilingi 500 zilizoenda ni 500, hazijawa 5,000 mpaka uziongezee. Funga simu, fungua daftari, andika mstari wa usiku huo kama kawaida. Kisha rudi hatua ya 5 uulize pesa ilipita wapi. Utakuta mlango mmoja uliachwa wazi: akaunti moja ambayo haikuandikiwa barua, salio la mshahara lililolala kwenye simu hadi kesho yake, au laini ya pili iliyobaki kwenye droo "kwa dharura". Ufunge kabla ya kulala, na Jumapili umwonyeshe yule uliyemwambia.